Turubai Mlilonifungia Nikiwa Hai

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa sababu ile ya kwanza najua hutaiitikia. Kila nikipiga simu naambiwa Mama yuko shambani, Mama anakamua, Mama amekwenda kwenye kwaya. Juzi Baba mdogo aliniambia uko mtoni unafua, na huku nyuma yake nilikuwa nakusikia kabisa unafukuza kuku jikoni. Nikasema sawa. Simu utampa mtu mwingine aipokee, lakini barua yenye jina lako utaifungua mwenyewe, nakujua.

Goti linasemaje? Presha je, unameza dawa kila siku au unameza siku unazojisikia vibaya tu? Yule ng'ombe mwekundu amezaa salama? Nasikia mvua za huko hazina mchezo mwaka huu, na njia ya kushuka barabarani inateleza mpaka watu wanashikilia migomba. Tafadhali usishuke peke yako kwenda kanisani. Subiri mtu wa kukushika mkono, hata kama ni huyo Baba mdogo unayesema anatembea taratibu.

Mimi mwili ni mzima. Sina homa, sijavunjika hata ukucha, chakula nakula. Ila situlii, Mama. Nakaa kitandani, nasimama, naenda dirishani, dirishani hakuna cha kuona ila ukungu na ndege wa baharini, narudi kukaa. Mutua, yule Mkamba tunayekaa naye chumba kimoja, ameniambia nitamtoboa sakafu kwa kutembea. Yeye ndiye aliyeibeba barua hii. Anakwenda kwao likizo, na ameahidi kuwapa madereva wa shuttle pale Nairobi waifikishe Arusha.

Watu wa Nkoaranga mnasema niko Marekani, na kwenye makaratasi ni kweli, lakini Marekani mnayoifikiria haipo huku. Bahati nasibu ya viza ilinivusha bahari, ufundi wangu wa majokofu ukanisukuma mpaka kwenye msururu huu wa visiwa, kaskazini kabisa, ambako hakuna hata mti wa kukata fimbo. Kuna bandari, kiwanda cha samaki, kanisa dogo, nyumba za wenyeji, na upepo. Kazi yangu ni kuangalia mashine za kugandisha samaki zisizime. Nyuma ya kiwanda kuna mlima unaotoa moshi. Kilele chake hujificha mawinguni hata wiki nzima, halafu asubuhi moja kinajitokeza bila taarifa, tabia ile ile ya Meru. Kwa hiyo nikitoka kazini huwa nauangalia mlima huo kwanza.

Sasa hilo tetemeko. Nasikia huko limeshakuwa kubwa kuliko lilivyokuwa huku.

Nilikuwa bwaloni nakunywa chai. Kikombe kikaanza kugongagonga kisahani, chupa ya pilipili ikatembea mezani, taa zikayumba kidogo. Ukisema Baba Yetu taratibu, lingekwisha kabla hujafika kwenye riziki. Wenyeji hawakuinua hata macho. Mzee mmoja aliendelea kupaka siagi mkate wake. Mimi nilikuwa nimeshafika nje, kijiko mkononi, maana sisi tuliokulia chini ya mlima mlitufundisha kwamba ardhi ikitikisika mtu atoke, asimame mbali na ukuta. Nje nikajikuta niko mwenyewe na upepo, na watu wananichungulia dirishani wanacheka. Baadaye tukatangaziwa kwamba limetokea mbali baharini, wimbi halipo, kila mtu arudi kazini.

Hakuna sahani iliyovunjika. Kilichokatika ni waya wa mawasiliano unaopita chini ya bahari, na waya huo ukikatika, visiwa vyote vinakuwa bubu. Simu hazipigiki, ujumbe hauendi. Wenzangu walilalamika siku ya kwanza, kisha wakaanza kucheza karata. Mimi nilijua Baba mdogo anasikiliza taarifa ya habari kila jioni akiwa ameegemeza redio sikioni, na nikajua hapo nyumbani hapatakalika.

Yaliyofuata uliyaona kwa macho yako, lakini ngoja niyaandike kama nilivyosimuliwa. Ukikuta uongo, si wangu, ni wa shemeji yako.

Baba mdogo alisikia redioni kwamba tetemeko limetikisa visiwa vya huku. Akanipigia, akaambiwa sipatikani. Kwenye kundi la ukoo mtu akarusha picha ya ghorofa lililolala chini, la nchi nyingine kabisa, na hakuna aliyeuliza visiwa visivyo na miti vilipata wapi minazi iliyo kwenye picha ile. Asubuhi jirani wa chini akaja kuuliza habari. Akaja mwingine. Watu wakija kwako huwezi kuwaacha wamesimama, kwa hiyo Baba mdogo akaenda kuazima viti vya kanisa. Viti vikapangwa uani. Mvua ikaanza kunyunyiza, na huwezi kuwaacha wageni wanalowa, kwa hiyo likaletwa turubai, likafungwa kati ya mgomba na kona ya banda la ng'ombe. Basi. Anayepita njiani akiona turubai na viti hahitaji kuuliza. Wanawake wakaanza kupanda na kuni kichwani na ndizi mgongoni, sufuria kubwa zikatafutwa, shangazi akafika analia tangu kule kwenye kona. Hakuna mtu hata mmoja aliyesema kwamba nimekufa. Nimemuuliza Baba mdogo nani alitangaza, akafikiri sana, akasema, "Aisee, hakutangaza mtu. Ilijipanga tu."

Ilijipanga tu! Mama, nilicheka, halafu nikakasirika, halafu nikacheka tena. Mtu mzima mwenye akili zake, mzee wa kanisa, anamfungia turubai mtoto wa kaka yake kwa sababu ya viti. Na yule beberu wangu mwenye doa mgongoni mlimchinja, usinifiche, nimeshaambiwa. Huyo hata simdai. Ningeweza kuisimulia habari hii hapa kiwandani na watu wakagaagaa kwa kicheko, kama ingeishia kwa beberu.

Aneth wangu alikuwa mjini, Olasiti, kwenye cherehani yake. Mteja ndiye aliyemwambia kwamba kwetu kuna watu. Akafunga duka na nguo za watu zikiwa hazijapigwa pasi, akapanda mpaka Nkoaranga na matope yale, akaingia ndani mlikokaa kwenye magodoro. Wanawake wakamtazama. Shangazi akauliza, "Huyu mgeni ametokea wapi?" Nimeambiwa wewe ulikuwa hujasema neno tangu asubuhi. Ukainua kichwa ukajibu, "Si mgeni. Ni mkwe wangu huyu, mke wa Elisante. Msogeleeni akae." Wakasogea. Ukamfunga kanga kiunoni kwa mikono yako, akakaa ubavuni pako, na kuanzia saa hiyo kila aliyeingia kutoa pole alikupa mkono wewe, kisha akampa yeye.

Na mchana huo huo wa kwenu, huku ikiwa usiku, mtandao ukarudi.

Nilipiga haraka haraka, maana hofu ya siku zote zile ilikuwa imenijaa. Baba mdogo akapokea, akapiga ukelele, akaweka spika, akaiweka simu mezani kama mnavyofanya siku zote. Nikasikia vigelegele, sufuria zinagongwa, watu wanaimba. Sikuelewa kitu. Nikauliza, "Kuna harusi ya nani hapo?"

"Harusi?" Baba mdogo akasema. "Tulikuwa tunakulilia wewe, we mtoto! Tena na mkeo yuko hapa, macho yamemvimba."

Nami nikasema, "Mke gani tena, Baba mdogo? Mimi nina mke? Mmeshaniozesha nikiwa baharini?" Nikacheka.

Nilicheka kwa nguvu, Mama. Furaha ilikuwa imenipanda kichwani, na nilidhani ni utani wake wa kila siku, maana kila nikipiga huniuliza mke yuko wapi. Nikaona kelele zimekatika. Wimbo umekatika. Nikasema alo, alo, nikadhani waya umekatika tena. Kisha Baba mdogo akasema kwa sauti ya chini, "Ngoja kidogo," na simu ikafa.

Nimeambiwa Aneth alisimama bila haraka. Akaifungua kanga uliyomfunga, akaikunja vizuri, akaiweka mapajani pako. Akasema, "Mama, asante. Nimeshukuru kwamba ni mzima." Akaanza kuteremka kwenye ile njia, mvua inanyesha, na katika watu wote waliojaa hapo hakuna aliyepata uso wa kumfuata.

Tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Ujumbe anausoma, naona kabisa ameusoma, halafu kimya. Na wewe umekaa kimya pia. Mwanzoni nilidhani unanikasirikia kwa ajili yake tu. Nimechukua muda kuelewa, kwa sababu mimi ni mzito, marehemu Baba alisema hivyo na alisema kweli. Wewe ulisimama mbele ya watu wa ukoo na wa kanisa ukatamka kwamba huyu ni mkwe wako. Mimi nikasema sina mke. Nimekufanya muongo nyumbani kwako mwenyewe, ndani ya msiba wangu. Nisamehe, Mama. Sina neno jingine kubwa kuliko hilo, na hata hilo naona ni dogo.

Ipo na habari ya hospitali. Hiyo ndiyo inayonizungusha chumbani. Nilipompigia Baba mdogo kumwuliza kwa nini ulimwita Aneth mkwe wakati hatujapeleka hata mtu wa kubisha hodi kwao Kikwe, alinigeukia kama simba.

"Unajua nani alimuuguza mama yako alipolazwa?"

"Alilazwa lini?" nikauliza.

Akaona ameshamwaga siri. Ndipo nikajua kwamba ulilazwa kwa presha, kwamba mliapishana nyote nisiambiwe, na kwamba Aneth alifunga duka lake, akalala kwenye benchi, akakufulia, akawa anakuletea mtori kwenye chupa na kukunywesha kijiko kwa kijiko. Na siku hizo hizo, Mama, tulikuwa tunaongea naye. Nakumbuka. Nilimwambia sauti yake imechoka, akasema ni sare za shule, zimekuwa nyingi. Mimi nikaendelea kumweleza habari za mashine zangu. Nimekaa nazirudia simu zile zote kichwani, moja baada ya nyingine, natafuta kama nilimuuliza angalau mara moja amekula nini.

Hasira yangu nayo niiseme, isije ikaniozea tumboni. Mlinificha. Kama ningejua, nisingetamka neno lile hata kwa mzaha. Mnanificha ugonjwa ili nisihangaike, halafu mnanililia bila kuhakikisha kama nimekufa. Ukoo gani huu? Ugonjwa wa kweli ni siri, kifo cha uongo kinafungiwa turubai. Hayo nimeshayasema, sasa nimetulia kidogo. Si sana.

Maana ardhi ya huku haijakoma. Inacheza kidogo leo, inacheza kidogo kesho, watu wanasema ni mabaki ya lile la kwanza, na wala hawaachi kula. Mimi kila ikicheza nachomoa simu mfukoni kutazama kama mtandao upo. Sihofii paa kuniangukia. Nahofia waya ukatike tena, au niondoke kwenye dunia hii kwa namna nyingine yoyote, na Aneth abaki na "mke gani" kama ndilo neno langu la mwisho kwake. Wiki iliyopita niliacha mlango wa chumba cha baridi wazi mpaka king'ora kikalia. Msimamizi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo, nikashindwa kusema wapi.

Utaniuliza kwa nini sikumtolea posa miaka yote hii. Nilikuwa nasema nikirudi. Nikimaliza msimu huu nikirudi, nikimaliza ule nikirudi. Nilidhani namwonea huruma, kwamba si haki kumfunga mwanamke kwa mtu aliye mwisho wa dunia. Yeye hakungoja kufungwa. Alikuwa ameshaanza kuwa mke wangu bila mimi kuwepo, na hakutaka hata shukrani yangu. Nampenda, Mama. Sijawahi kukuandikia neno kama hili na naona aibu, lakini nampenda, na nisipomwoa yeye basi tena.

Kwa hiyo nakuomba haya. Kwanza, ukiona vema, teremka Olasiti ukamwone, wewe na yeye tu. Usimbembeleze kwa ajili yangu. Mwambie tu kwamba ulichokitamka hujakifuta, kwa sababu najua hujakifuta.

Kisha Baba mdogo achume isale pale mpakani mwa shamba, apeleke Kikwe kwa baba yake Aneth. Asiende peke yake, atahutubia mpaka jua lizame. Aende na mzee mwingine mwenye kauli fupi. Jani la isale likiwekwa mbele ya mzee wa Kimeru, hata kama amekasirika kiasi gani, hamfukuzi aliyelileta, atamsikiliza. Waombe msamaha kwanza. Posa wasiitaje siku hiyo. Wasichanganye mambo mawili, yule mzee si mtu wa kuburuzwa. Akisamehe, siku nyingine ndiyo warudi kubisha hodi kama wanavyobisha watu wenye adabu.

La mwisho ni gumu na nimelifikiria sana. Nilimkana mbele za watu, hivyo isiwe nimemkubali kwa siri. Jumapili mkitoka ibadani, waombe waliokuwepo siku ile wabaki kidogo, na mmoja wao asome barua hii kwa sauti. Yote, hata hapo nilipoandika kwamba nampenda. Hata habari ya beberu. Wacheke, ni haki yao, lakini wakitoka hapo wajue Elisante amesema nini.

Mimi huku nimekataa kutia sahihi ya msimu mwingine. Msimamizi alishangaa, akasema mafundi wanaojua mashine hizi ni wachache. Nikamwambia nina shughuli nyumbani. Ndege ndogo ya kututoa kisiwani huja upepo ukipenda, kwa hiyo sikuahidi siku, lakini wakati wa kuchuma kahawa nitakuwa hapo na kikapu. Nitakuja Aneth akikubali, na nitakuja akikataa. Akikataa nitaenda mwenyewe mlangoni pa duka lake la cherehani nimwambie usoni nilivyokosea, kisha nipande nyumbani nikuchumie kahawa yako. Sijui atasema nini. Kutojua huko ndiko kunakonitembeza chumbani, na nadhani nimestahili.

Msalimie Baba mdogo, mlinzi wa ukoo wetu, mwambie simchukii ila redio aiweke mbali na sikio. Msalimie dada yangu mkubwa na shemeji, na wanangu wa kwake. Shangazi mpe pole ya machozi, mwambie yamehesabiwa. Jirani yetu wa chini aliyeleta kuni za kwanza, mwambie nimesikia na nimeshukuru kweli, maana alipanda nazo na mimba yake. Mchungaji pia, na kina mama wote wa kwaya walioniimbia. Nasikia mliimba vizuri.

Na huko Kikwe, baba yake Aneth akiwauliza wazee ni nani aliyewatuma, wasitaje jina la ukoo wala wasiseme ni mtoto wa fulani aliyeko Marekani. Waseme wametumwa na mimi ninayetia sahihi hapa chini.

Mwanao mzito,

Elisante, mume wa Aneth, kama bado ananitaka.